Nuru ya Kuazima: Historia ya Herufi za Mng'ao wa Metali katika Mabango ya Ifakara na Bonde la Kilombero

Historia ya herufi zenye mng'ao wa metali katika Bonde la Kilombero haianzi na kompyuta. Kabla ya mashine za kuchapa mabango, maandishi ya dukani, kwenye bati na ubavuni mwa lori yalikuwa kazi ya brashi. Mchoraji wa vibao hakuwa na metali; alikuwa na rangi ya mafuta. Ili herufi ing'ae, aliweka mstari mweupe upande unaopigwa na nuru na kivuli upande wa pili. Mng'ao ulikuwa uamuzi wake kuhusu mahali jua lilipo. Insha hii inadai kwamba programu za kuhariri picha hazikuondoa uamuzi huo, bali ziliuhamishia mbali na bonde.

Metali iliyong'arishwa huonekana kwa kuakisi mazingira yake. Kwa sababu hiyo, wachoraji wa bomba la kupulizia rangi nchini Marekani na Japani, akiwamo Hajime Sorayama, waliichora kwa kuchora vile inavyoviakisi. Kanuni iliyozoeleka iliweka buluu ya anga juu, weupe kwenye upeo wa macho, mstari wa giza, kisha hudhurungi ya ardhi. Kanuni hiyo iliingia katika programu. Photoshop ya ndugu Thomas na John Knoll ilitolewa mwaka 1990. Toleo la 3.0 la mwaka 1994 lilileta matabaka, la 5.0 la mwaka 1998 lilileta vivuli na kingo zilizoinuka zinazofuata herufi hata maneno yakibadilishwa. Toleo la 6.0 la mwaka 2000 liliwezesha kuhifadhi mtindo mzima na kuuweka juu ya neno lolote. Kazi ya hatua nyingi ikawa ya kubofya mara moja.

Katika muda huo Tanzania ilikuwa na historia yake. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na masharti yalilegezwa baadaye. Kwa hiyo mtindo uliwafikia mafundi wengi ukiwa umekamilika, bila majaribio yaliyouzaa. Hata hivyo, bonde halikuwa mpokeaji tu: vituo vya Kidatu, chenye megawati 204, na Kihansi, chenye megawati 180, vinazalisha umeme wa gridi ya taifa kwa maji yanayoshuka kingoni mwake.

Mitindo mingi iliyo tayari huchukulia kwamba nuru hutoka juu kushoto na kwamba upeo ni tambarare. Ifakara ipo takriban digrii 8 kusini mwa Ikweta. Jua la mchana hukaribia utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na upande wa kaskazini-magharibi milima ya Udzungwa hukata upeo. Herufi ya dhahabu kwenye bango la harusi huakisi mahali pengine. Tena haina dhahabu: uchapishaji wa kawaida hutumia wino wa rangi nne, na mng'ao wake ni manjano, hudhurungi na weupe wa karatasi au plastiki. Mtazamaji akisogea, mng'ao hausogei naye.

Yaweza kupingwa kwamba huu ni uigaji usio na ufundi. Hoja hiyo haitoshi. Fundi anayegeuza pembe ya nuru, kuongeza giza kwenye kingo au kubadili dhahabu kuwa shaba anarejesha uamuzi uliokuwa wa mwenye brashi. Tatizo ni ushahidi. Picha iliyobanwa kuwa tabaka moja huficha hatua zote, bango hufifia juani, na kompyuta husafishwa ili kupata nafasi. Faili lenye matabaka ndilo pekee linaloonyesha mtindo uliopokelewa na pale fundi alipoubadilisha. Kwa mtafiti wa maandishi ya umma katika bonde hili, faili hilo ni nyaraka ya historia, na linastahili kukusanywa kabla halijafutwa.