Nani aliua miti yetu ya sipresi?

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mliokimbia vijiji vyenu, mmesikia maneno haya: "Wageni ndio waliomaliza msitu." Tuulize historia. Mwaka 1986 kidukari wa sipresi alionekana Malawi. Mdudu huyu mdogo hufyonza maji ya mti. Matawi hugeuka rangi ya kutu, mti hufa umesimama. Kufika 1990 alikuwa ameingia Burundi, Rwanda na Kenya, akafika hata kwetu. Hakuuliza kabila la mwenye mti. Wakimbizi wa 1994 walikata kuni nyingi, hata ndani ya Virunga, tusifiche. Lakini mdudu alitangulia.

Basi miti iliyokufa ikatwe, ipandwe ya aina mbalimbali, si sipresi tupu. Kukata hakuleti ugomvi mkubwa. Ugomvi huja siku ya kupanda, maana kwa desturi za Kivu anayepanda mti huonekana anadai udongo. Kwa hiyo wengi waliopewa shamba la kulima tu hukatazwa kupanda miti. Mimi niliyesoma sheria nawaomba, wakubwa wa vijiji: kabla shimo halijachimbwa, baraza liandike udongo ni wa nani, mti ni wa nani, na mhamiaji aliyefanya kazi atapata kuni kiasi gani.