Mtayarishaji wa Nje na Sauti ya Bujumbura: Khadja Nin, Nicolas Fiszman na Albamu ya Sambolera

Majira ya joto ya mwaka 1996, runinga ya TF1 ya Ufaransa iliipigia debe kwa nguvu albamu ya Sambolera ya mwimbaji wa Burundi, Khadja Nin. Watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakawa wanaufuatisha wimbo uliobeba jina la albamu hiyo. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa mara ya pili, na kabla ya mwezi kwisha viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Wimbo ulivuma Ulaya wakati mji alikozaliwa mwimbaji ulikuwa umefungiwa njia za petroli na bidhaa.

Wasanii wa Kiafrika waliorekodi Ulaya chini ya mtayarishaji wa huko wamezoea kusikia lawama moja: kwamba muziki wao umelainishwa uwafae Wazungu, kwamba kilichobaki ni sauti ya Mwafrika juu ya mdundo wa watu wengine. Kwa Khadja Nin lawama hiyo ina uzito wa ziada, kwa sababu mtayarishaji wake, Nicolas Fiszman, ni Mbelgiji, na Ubelgiji ndiyo iliyoitawala Burundi hadi tarehe 1 Julai 1962. Nadai kwamba lawama hiyo inatafuta jibu pasipo jibu. Unje wa mtayarishaji haupimwi kwa pasipoti yake wala kwa ala alizoingia nazo studio. Hupimwa kwa kuangalia ni nini katika wimbo kinachomlazimisha yeye aufuate, badala ya wimbo kumfuata yeye. Katika Sambolera kitu hicho kipo, nacho ni Kiswahili.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu aina ya muziki ambayo imelijadili suala hili kwa muda mrefu kuliko nyingine haiko Afrika. Ni kantri ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mpiga gitaa Chet Atkins, akiwa mtayarishaji wa kampuni ya RCA mjini Nashville, alishiriki kuondoa fidla na gitaa la stili katika rekodi nyingi za kantri na kuweka waitikiaji na vinanda laini mahali pake. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni sauti ya Jim Reeves, ambayo wazee wengi wa Nairobi na Kampala wanaitambua mara tu redio inapofunguliwa. Wapenzi wa kantri ya zamani walilalamika kwamba muziki wao umeuzwa. Lakini Atkins hakuwa mtu wa nje. Alizaliwa Tennessee na kulelewa na muziki huohuo anaolaumiwa kuuharibu. Mabadiliko makubwa kabisa ya kantri kuelekea pop yalifanywa na mwana wa nyumbani.

Mtu wa nje alikuja baadaye. Robert John Lange, anayejulikana zaidi kwa jina la Mutt, alizaliwa mwaka 1948 huko Mufulira, katika ukanda wa shaba wa nchi ambayo leo ni Zambia, akakulia Afrika Kusini. Alijijengea jina kwa kutayarisha roki nzito, zikiwemo Highway to Hell na Back in Black za kundi la AC/DC. Aliposhirikiana na Mkanada Shania Twain, ambaye pia alikuwa mkewe, walitoa The Woman in Me mwaka 1995, kisha Come On Over mwaka 1997, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni 40. Nyimbo zote 16 za Come On Over zilitungwa na wawili hao. Kilichofuata ndicho muhimu kwa hoja yangu: albamu hiyohiyo ilichanganywa upya kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, fidla na gitaa la stili zikapunguzwa, sauti ya mwimbaji na tuni zikabaki zilivyo. Mwaka 2002, albamu yao Up! ilitoka katika matoleo matatu, la pop, la kantri, na la tatu lenye vionjo vya muziki wa filamu za Kihindi. Ala zote zilibadilishwa na bado watu waliutambua wimbo uleule. Basi utambulisho wa wimbo haukai katika ala peke yake. Anayeuliza kama Sambolera ni ya Burundi kwa kuhesabu ngoma na magitaa anaanzia mahali pasipofaa.

Burundi yenyewe ilikwisha kuonja unje wa aina mbaya, na ulipitia kwenye ngoma. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ocora ya Ufaransa ilitoa rekodi za wapiga ngoma wa Burundi zilizonaswa uwanjani. Mwaka 1971 mpangaji muziki wa Kifaransa Mike Steiphenson alichukua rekodi hiyo, akaongeza piano na gitaa, akaiita Burundi Black. Mwaka 1975 Mkanada Joni Mitchell aliitumia rekodi ya wapiga ngoma hao katika wimbo wake The Jungle Line. Miaka michache baadaye mdundo huo ukawa uti wa mgongo wa makundi ya Kiingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, mpaka magazeti ya London yakazungumzia mdundo wa Burundi kana kwamba ni mtindo wa mavazi. Hapa kuna sauti halisi ya Burundi, ngoma zenyewe, hakuna aliyezilainisha. Na hapa ndipo Warundi walipokosekana kabisa, maana waliopiga hawakuwa studio kukubali wala kukataa chochote. Uhalisia wa ala uliwezekana kabisa pamoja na kumfuta mwenye ala.

Sasa tutazame upande wa pili. Khadja Nin alizaliwa mwaka 1959, kitinda mimba katika familia ya watoto wanane, na utotoni aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la Bujumbura. Aliishi Zaire, kisha mwaka 1980 akahamia Ubelgiji akiwa na mwanawe mdogo. Fiszman alikuwa mpiga besi na gitaa aliyekomaa katika jazi, akiwa amepiga na mpiga gitaa Philip Catherine tangu ujana wake. Ushirikiano wao haukuwa wa wimbo mmoja wa kujaribu bahati. Ulianza na albamu ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukaendelea na Ya Pili ya mwaka 1994, Sambolera ya 1996 na albamu iitwayo Ya, ya mwaka 1998. Nyimbo nyingi walizitunga pamoja. Naupa muda huo uzito mkubwa. Mtayarishaji anayekutana na mwimbaji kwa wiki mbili huja na mdundo wake tayari na kumtafutia mwimbaji nafasi ndani yake. Aliyekaa naye albamu nne amekwisha kujifunza mahali anapovuta pumzi.

Na mwimbaji huyu huvuta pumzi kwa Kiswahili. Yako mambo mawili hapa, la historia na la sauti, na la kwanza husahauliwa mara nyingi na watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaodhani Kiswahili cha Burundi ni mgeni wa juzi aliyekuja Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili kilifika pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na misafara ya wafanyabiashara kutoka Ujiji, kikakaa na askari wa Kijerumani waliofungua kituo Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, mwaka 1897, kisha kikaota mizizi katika mtaa wa Buyenzi, ambako wafanyabiashara, mafundi na wavuvi wa asili ya Kongo, Tanganyika na Burundi walijenga misikiti na madrasa na kuzaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ni hiyo. Mtoto wa Bujumbura aliyekwenda sokoni katika miaka ya 1960 alikisikia Kiswahili kila siku, hata kama nyumbani walisema Kirundi na shuleni Kifaransa. Kwa hiyo mwimbaji wa Bujumbura akiimba kwa Kiswahili hajaazima lugha ya soko la nje. Anaimba lugha ya mji wake, mji ambao tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, ulikuwa ukikatwa vipande kwa misingi ya kabila. Machi 1995 umwagaji damu uliifikia Buyenzi na Bwiza, mitaa ya mwisho iliyokuwa bado na mchanganyiko wa watu. Mwaka mmoja baadaye Kiswahili hicho, ambacho hakikuwa mali ya Mhutu wala Mtutsi, kilikuwa redioni Paris. Sioni namna ya kuisikiliza albamu hiyo bila kulijua hilo.

La pili ni la sauti. Kirundi ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi hubeba maana. Msikilizaji wa inanga ya kunong'ona, uimbaji wa Kirundi unaosindikizwa na ala ya nyuzi, anajua jinsi jambo hili lilivyo la ajabu, maana mwimbaji hanyanyui sauti yake, ananong'ona tu, na nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka hata sikio likaamini kwamba mtu anaimba. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales ameuchambua udanganyifu huo wa sikio kwa undani. Tuni iliyotungwa na mtu asiyekijua Kirundi huweza kugombana na neno. Waimbaji hodari hupatanisha mambo hayo kila siku, lakini kazi ipo. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, na mkazo huo karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni inaweza kwenda juu au chini itakavyo, ila haiwezi kumaliza mstari kwa kishindo juu ya silabi ya mwisho bila neno kulegea. Mtunzi wa Kizungu aliyezoea kufunga mstari kwa neno la silabi moja lenye nguvu hana budi kuacha mazoea hayo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wimbo ambao Khadja Nin hakuutunga. Sambolera ina toleo la Kiswahili la Free, wimbo wa Stevie Wonder uliomo katika albamu yake Characters ya mwaka 1987. Jina la Kiingereza lina silabi moja tu. Jina la Kiswahili ni Sina Mali, Sina Deni. Lihesabu: si-na-ma-li, mizani nne, si-na-de-ni, mizani nne. Kwa pamoja ni mizani nane, ambayo ndiyo kipande cha shairi la kawaida na ndiyo urefu wa mshororo wa utenzi. Mkazo unaangukia ma na de, na kila upande unashuka taratibu kwenye irabu yake ya mwisho. Wimbo wa Stevie Wonder umeingizwa katika kipimo ambacho msikilizaji wa tenzi za Lamu angekitambua bila kuelezwa. Hakuna ngoma ya Burundi iliyoweza kufanya kazi hiyo, wala Fiszman asingeweza kuileta kutoka Brussels. Kazi ya mtayarishaji hapo ilikuwa kupanga besi na gitaa zisiuvunje mwanguko huo.

Ipo hoja inayonipinga ambayo naiheshimu. Hata kama lugha ilikuwa ya mwimbaji, fedha hazikuwa zake. Kampuni iliyotoa albamu ilikuwa BMG, ileile iliyokwisha kuinunua RCA ya Chet Atkins na Jim Reeves. Runinga iliyoipigia debe ilikuwa ya Kifaransa. Wauzaji walimweka mwimbaji katika rafu ya muziki wa dunia, rafu ambayo haina maana yoyote kwa mtu anayeishi Buyenzi. Yote hayo ni kweli, na pengine yanaeleza kwa nini nyimbo zake zilivuma Ulaya kuliko Dodoma au Kisumu. Lakini tusichanganye mtayarishaji na msambazaji. Fiszman hakuwa na redio. Msambazaji ndiye huamua wimbo ufike wapi, na lawama nyingi anazobebeshwa mtayarishaji wa nje ni madeni ya msambazaji.

Wanaosema kwamba angerekodi na ngoma ili awe Mrundi kamili wanasahau jambo moja zito. Ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, kwa desturi ni ya wanaume. Mwaka 2017 serikali ilitoa agizo la kuwakataza wanawake kuipiga, na kuiwekea masharti hata nje ya sherehe za kitaifa. Kumtaka mwimbaji wa kike athibitishe nchi yake kwa ala asiyoruhusiwa kuigusa ni kumfungia mlango halafu kumlaumu kwa kubaki nje.

Kidum, mpiga ngoma na mwimbaji wa Bujumbura aliyekimbilia Nairobi mwaka 1995, alipita njia inayofanana na hii, ila safari yake ilikuwa fupi zaidi: naye aliimba Kirundi na Kiswahili, naye akapata umaarufu kupitia studio za nchi nyingine, lakini safari hii nje ilikuwa Kenya, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Ukimya huo unaniambia kwamba wengi wetu hupima unje kwa rangi, wala si kwa kile kinachofanyika mbele ya maikrofoni.

Kazi inayobaki kwa watafiti si ya nadharia. BMG iliungana na Sony mwaka 2004, na mwaka 2008 Sony ikainunua sehemu yote iliyobaki. Ikiwa kanda za studio za albamu zile nne zimehifadhiwa, yaani zile ambazo kila ala na kila sauti ina njia yake, basi ndizo zitakazoonyesha kipi kilirekodiwa kwanza, sauti au gitaa, na mara ngapi mstari ulibadilishwa ili neno likae vizuri. Waliopiga na kuimba katika vipindi vya kurekodi albamu hizo nao wana la kusimulia. Idara za Kiswahili na muziki za Bujumbura, Dar es Salaam na Nairobi ziombe nakala na kuwahoji watu hao sasa, kwa Kiswahili, kabla kumbukumbu hizo hazijaandikwa na watu wengine kwa Kifaransa peke yake.