Siri za Kurasa Chache: Vijitabu vya Kusoma Mawazo tangu 1584

Historia ya vijitabu vinavyofundisha kusoma mawazo ya watu jukwaani inaanzia mahali ambapo wengi hawangetazamia: katika kesi za wachawi. Mwaka 1584 Reginald Scot, bwana mmoja wa mashambani huko Kent, Uingereza, alichapisha The Discoverie of Witchcraft. Hakukusudia kumfundisha mtu mazingaombwe. Zama hizo vikongwe walikuwa wakiburutwa mahakamani na kunyongwa kwa sababu ng'ombe wa jirani amekufa au mtoto ameugua ghafla, na Scot alitaka kuonyesha kwamba mengi yaliyodhaniwa kuwa kazi ya shetani yaweza kutendwa na mtu yeyote mwenye vidole vyepesi na ulimi mwerevu. Ili kuthibitisha, ilimbidi aeleze viinimacho vinavyofanywa. Kimojawapo ni hiki: mtu anasimama nyuma ya mlango, anaapa kwamba kwa kusikia mlio wa sarafu tu atajua imeangukia upande upi. Anayeirusha ni mshirika wake, naye hujifanya mbishi asiyeamini lolote. Sarafu ikionyesha msalaba, mshirika huuliza swali lake kwa maneno kamili. Ikionyesha upande wa pili, hulikata neno kidogo. Aliye nyuma ya mlango hahitaji zaidi ya hapo. Msomaji na alishike jambo hili, maana litarudi katika kila zama zitakazofuata. Mfalme James wa Scotland hakufurahishwa na hoja za Scot. Mwaka 1597 alitoa kitabu chake, Daemonologie, kumjibu na kushikilia kwamba wachawi wapo kweli.

Karne mbili zilizofuata hazina mengi ya kutuchelewesha. Vitabu vya mazingaombwe vilinakiliana, na mengi yaliyokuwamo yalichotwa kwa Scot. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1780, mazingaombwe yalipotoka viwanjani na kwenye magulio yakaingia katika kumbi za watu wenye nafasi. Mwitaliano Giuseppe Pinetti aliitikisa Paris, kisha mwishoni mwa mwaka 1784 akavuka hadi London, ambako mkewe aliketi katika ukumbi wa Haymarket amefungwa macho kwa leso, akibashiri yaliyokuwa akilini mwa watazamaji. Mwaka huohuo Pinetti alichapisha kitabu chake, kilichoahidi mengi na kufichua machache, na mwaka huohuo mwanasheria Henri Decremps akatoa cha kumuumbua. Katika kizazi kile kilichoihusudu sayansi, Pinetti alijiita profesa wa fizikia, wala hakumtaja shetani. Hapo ndipo desturi ilipoanza: kila msoma mawazo huvaa joho la elimu inayoheshimiwa zaidi katika zama zake, na chini ya joho mbinu hubaki zilezile.

Aliyeifikisha sanaa hii kwenye adabu yake ya kisasa ni Jean-Eugène Robert-Houdin, mtengeneza saa aliyefungua ukumbi wake Palais-Royal, Paris, mwaka 1845. Februari 1846 alimpandisha jukwaani mwanawe Émile, amefungwa macho, naye kijana akavitaja vitu ambavyo baba yake alivishika katikati ya watazamaji: saa, sarafu, kisanduku cha ugoro, hata mwaka uliochongwa juu yake. Msingi wake ulikuwa sarafu ya Scot iliyokuzwa: maneno ya swali ndiyo yaliyobeba jibu. Ila hapa orodha ilikuwa ndefu ajabu, na kuimudu kulihitaji kazi. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1858 Robert-Houdin anasimulia jinsi yeye na Émile walivyopita mbele ya madirisha ya maduka, wakatupa jicho mara moja, wakasogea mbali kidogo, kisha wakaandika kila walichokiona. Walirudia zoezi hilo siku baada ya siku mpaka kijana akampita baba yake. Mtu huyuhuyu ndiye aliyetumwa Algeria na serikali ya Ufaransa mwaka 1856 kuwaonyesha wenyeji kwamba miujiza ya Wafaransa inawazidi wacha Mungu wao. Mazingaombwe yakawa chombo cha ukoloni, na wasifu wake mwingi hulipita jambo hilo kwa tabasamu ambalo mimi siliwezi.

Wakati Paris ikimshangilia Émile, Marekani ilikuwa ikipata joho jipya. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wa ukoo wa Fox walidai kuzungumza na roho kwa milio ya kugonga. Ndani ya miaka michache imani ya kuwaita wafu ilienea pande zote mbili za Atlantiki, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyoacha wafiwa wasiohesabika, vikaichochea zaidi. Margaret Fox alikiri hadharani mwaka 1888 kwamba milio ile ilitoka katika viungo vya miguu, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Wako walioacha wafu wakashika mwili: Washington Irving Bishop alimshika mtu mkono na kuongozwa na mitikisiko midogo ya misuli, ambayo mwenyewe haijui, hadi kwenye pini iliyofichwa. Bishop alikufa New York mwaka 1889 mara baada ya onyesho, na mama yake hakuacha kudai kwamba madaktari walimpasua angali amezimia tu.

Uingereza nayo ilitaka kulipima jambo hili kisomi. Chama cha Utafiti wa Mambo ya Kinafsi kiliundwa London mwaka 1882, na mwaka huo mwanachama wake Frederic Myers akalibuni neno telepathia. Miongoni mwa waliowavutia watafiti hao ni vijana wawili wa Brighton, Douglas Blackburn na George Albert Smith, ambao walionekana kupashana picha na maneno bila kusema kitu. Blackburn akaenda Afrika Kusini, akaishi huko miaka mingi kama mwandishi wa habari na wa riwaya, na baada ya kurudi akatangaza kwamba yote yalikuwa hila na ishara. Alisema wazi zaidi mwaka 1911, akiamini mwenzake amekwisha kufa. Smith alikuwa hai, tena amekuwa mmoja wa waasisi wa filamu za Uingereza, akayakana yote.

Mazingira hayo ndiyo yaliyozaa kijitabu cha siri kama tunavyokijua. Mwaka 1891 kilitoka St. Paul, Minnesota, kitabu kisicho na jina la mwandishi, Revelations of a Spirit Medium, kilichofichua mafundo, nguo na milango ya waita mizimu; nakala zake ziliadimika upesi, na ilisemwa kwamba waita mizimu wenyewe walizinunua na kuziteketeza. Mwaka 1901 Ralph Sylvestre wa Chicago alitoa orodha ya bidhaa, Gambols with the Ghosts, iliyowauzia waita mizimu vifaa vya kazi, na mteja alitakiwa airudishe akishaagiza. David Abbott wa Omaha akaja na Behind the Scenes with the Mediums mwaka 1907. Maandishi haya yana nyuso mbili: ukurasa uleule unaomwokoa mjane asitapeliwe unamfundisha tapeli wa kesho. Sioni kwamba waandishi wao waliwahi kuutatua utata huo, na wengine hawakujaribu. Robert Nelson, aliyeanzisha kampuni yake Columbus, Ohio, mwaka 1921, aliwauzia wasanii wa jukwaani na wapiga ramli wa kulipwa kwa mkono uleule.

Mwaka huohuo wa 1921 Claude Alexander Conlin, aliyejitangaza kwa kilemba kama mjuzi wa Mashariki ingawa alizaliwa Dakota, alichapisha kijitabu kuhusu msoma mawazo aliyemwita Dr. Q, chenye mbinu za kujibu maswali yaliyofungwa. Iliyo kuu kati ya mbinu hizo ni ya kale kuliko yeye, nayo yastahili kutazamwa kwa karibu. Watazamaji huandika maswali, huyatia katika bahasha na kuzifunga kwa gundi. Msoma mawazo huinua bahasha ya kwanza hadi kwenye paji la uso, hutaja swali, na mtu mmoja ukumbini hupaza sauti kwamba ni lake. Bahasha huchanwa ili kuhakikisha. Lakini aliyeitikia ni mshirika, na swali lililotajwa halikuandikwa popote. Karatasi iliyo mkononi ni ya mwingine, na msoma mawazo amekwisha kuisoma wakati akijifanya anahakikisha. Sasa huinua bahasha ya pili na kulitaja swali la ile aliyokwisha kuifungua. Daima yuko hatua moja mbele, na kosa ni moja tu, lililotendwa mwanzoni, kabla mtu yeyote hajaanza kuwa macho.

Kizazi cha miaka ya 1930 kilimpata mwalimu wake katika Theodore Annemann, mzaliwa wa jimbo la New York mwaka 1907. Oktoba 1934 alianzisha The Jinx, jarida la kurasa chache lililodumu hadi mwisho wa mwaka 1941 kwa matoleo 151. Mwaka huohuo wa 1934 J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke alichapisha utafiti wake kuhusu telepathia, uliotumia kadi zenye alama tano, na bila kukawia kadi hizo zikawa vifaa vya jukwaani. Joho lilikuwa sasa la maabara. Annemann aliifanyia sanaa hii usafi mkubwa. Alitupa masanduku na nyaya, akabakiza vitu ambavyo mtu yeyote anavyo mfukoni: penseli, bahasha, kipande cha karatasi. Mojawapo ya mbinu za mtindo huo hufanyika hivi. Mtu huandika neno katikati ya karatasi ndogo, huikunja nusu, kisha nusu tena. Msoma mawazo huichana vipande, huviweka juu ya vingine, huvichana tena na kuvitupa vyote katika kisahani cha majivu kuviteketeza. Vyote isipokuwa kimoja: pembe iliyokunjwa, ambayo ndiyo kitovu cha karatasi, imebaki nyuma ya kidole gumba, na neno limo humo zima. Hulisoma wakati akiinama kuwasha kiberiti. Annemann, aliyeandika kwa ujasiri, aliogopa sana jukwaa. Januari 1942, alipokuwa anakaribia kuonyesha kudaka risasi ndani ya ukumbi, alijiua. Miaka miwili baadaye kazi zake bora zilikusanywa katika Practical Mental Effects, na wengi bado wanaanzia hapo.

Vita ilikuwa imeshika dunia. Sydney Piddington, askari wa Australia aliyetekwa Singapore mwaka 1942, alianza kusoma mawazo ya wenzake katika kambi ya wafungwa ya Changi ili kuwasahaulisha njaa. Mwaka 1949 yeye na mkewe Lesley walikuwa katika redio ya BBC, na mamilioni walikaa majumbani wakisikiliza. Katika kipindi kimoja Lesley alipelekwa Mnara wa London, mumewe akabaki studio, na sentensi ikavuka kati yao. Hawakudai muujiza wala hawakuukana. Waliwaachia wasikilizaji wahukumu. Hekima yao iko hapo. Redio huondoa macho, na palipoondolewa macho msikilizaji hujaza mwenyewe. Mwaka huo pia mwanasaikolojia Bertram Forer alichapisha jaribio lake: aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, wakayapa kwa wastani alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walipewa maneno yaleyale, yaliyotoka katika kitabu cha unajimu. Wapiga bao wa kila nchi walilijua hilo zamani.

Kisha akaja Corinda. Tony Corinda, mwenye duka la vifaa vya mazingaombwe London, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoa vijitabu kimoja kimoja, hadi vikatimia 13. Baadaye vikaunganishwa kuwa Thirteen Steps to Mentalism. Kugawa somo vipande kulimfaa muuzaji na kulimfaa mwanafunzi mwenye mfuko mdogo: alinunua hatua moja, akaifanyia kazi, akasubiri nyingine. Hatua ya kwanza inahusu ncha ndogo ya penseli inayofichwa kwenye kidole gumba, ili ubashiri uandikwe baada ya jibu kujulikana. Zinafuata kusoma misuli na midomo, mifumo ya kukumbuka, ubashiri, kufungwa macho, vikaratasi, majaribio ya vitabu, telepathia ya watu wawili, na kuendelea hadi ya 13, inayohusu maneno na uwasilishaji. Ukiisoma yote kwa mfululizo unakutana na Bishop, Robert-Houdin, Dr. Q na Annemann, kila mmoja katika sura yake. Corinda alikuwa mkusanyaji kuliko mvumbuzi, na hilo silisemi kwa kumpunguza.

Mwaka 1973 Uri Geller alipinda vijiko mbele ya kamera za televisheni akidai uwezo halisi, na ghafla vita vya Scot vikafufuka. Mwanamazingaombwe James Randi alimjibu kwa kitabu mwaka 1975, kisha kuanzia 1979 akapenyeza vijana wawili katika maabara ya utafiti huko St. Louis, waliodanganya kwa miaka kadhaa kwa mbinu za kawaida za jukwaani hadi Randi alipotoboa siri mwaka 1983. Mmoja wao, Steve Shaw, ndiye Banachek, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu hila za kisaikolojia kinasomwa na karibu kila anayeanza. Joho la leo limeshonwa katika kipindi hicho. Derren Brown alipoingia Channel 4 mwaka 2000 alizungumzia ushawishi, saikolojia na udanganyifu wa jukwaani, na wafuasi wake wakachukua saikolojia peke yake. Mtazamaji wa sasa haamini tena mizimu, lakini huamini kwa urahisi mno kwamba mtu anaweza kusoma nambari ya siri ya benki katika kope za jicho.

Vijitabu vyenyewe havijafa. The Jinx husomwa katika nakala za kidijitali, Corinda anaendelea kuchapishwa, na kando yao zinauzwa programu za simu zinazompenyezea msoma mawazo neno ulilochapa kwenye kioo, kazi ileile ya kile kipande nyuma ya kidole gumba. Tofauti kubwa zaidi iko kwa mwalimu. Annemann alitoa mifupa: aya chache, mchoro mmoja pengine, na mwanafunzi alilazimika kutafuta maneno yake, kwa lugha yake, kwa watu wake. Video humpa kila kitu, pamoja na utani na mahali pa kunyamaza, na ndiyo maana vijana wa miji iliyo mbali kabisa wanasimama jukwaani wakitamka sentensi zilezile kwa mnyanyuko uleule wa nyusi. Hatua ya 13 ya Corinda ndiyo inayorukwa.