Mikanda ya okapi: ujuzi wa ngozi uliosahauliwa Kivu

Mwaka 1901 wataalamu wa London walimpa jina mnyama ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona. Mezani palikuwa na vipande viwili tu vya ngozi yenye mistari, mikanda ya begani iliyokatwa huku kwetu mashariki mwa Kongo. Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, alikuwa ameipata mwaka 1900 katika boma la Wabelgiji la Mbeni, ndiyo Beni ya leo, alipokuwa akiwarudisha kwao Wambuti wa msituni waliochukuliwa na Mjerumani ili waonyeshwe Paris kama vioja. P. L. Sclater, mmoja wa wataalamu hao, akaitazama mikanda ile, akaamua ni farasi wa aina mpya: Equus johnstoni. Lakini Wambuti walikwisha kumwonyesha Johnston nyayo zenye kwato mbili, naye akazikataa kwa kuwa alitarajia ukwato mmoja kama wa punda milia. Hadi Karl Eriksson, ofisa Mswidi wa Mbeni, alipompatia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili, ndipo Ray Lankester, mtaalamu wa wanyama wa London, alipothibitisha mwaka huo huo wa 1901 kwamba okapi ni jamaa ya twiga. Anayechuna mnyama, akamkwangua na kumkausha, anamjua mnyama huyo kuliko anayepokea ukanda. Hiyo ni elimu, na historia imeinyima heshima yake.

Elimu hiyo haikuwa ya Wambuti peke yao. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na Shé-kárisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, baba anamfungia mwanawe ndani ya ngoma iliyowambwa ngozi na kumtosa mtoni. Upande wa wafugaji, Rwanda na majirani zake, ngozi ya ng'ombe ililainishwa kwa siagi mpaka mwanamke akaivaa. Wenyeji wa Amerika Kaskazini walipaka ngozi ya kulungu ubongo wa mnyama, kisha wakaifukiza. Kanuni ni ile ile: mafuta hupenya kati ya nyuzi zisishikamane, na moshi huifanya ngozi ibaki laini hata ikilowa na kukauka tena. Wanaosema ngozi haifai kwenye mvua za Walikale wanasahau kwamba moshi ndio dawa ya unyevu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusifu ngozi ni kuwafungulia mlango majangili. Okapi analindwa kisheria tangu 1933, na mwaka 2013 aliwekwa kati ya wanyama walio hatarini kutoweka. Asiguswe, wala hifadhi za Maiko na Kahuzi-Biega zisiguswe. Ngozi ninayoitetea ni ya ng'ombe na mbuzi wa Masisi, ambako malisho yalipanuka baada ya wakoloni kuanza kuleta familia kutoka Rwanda mwaka 1937. Mapigano yaliyoanza Ntoto, Walikale, mwaka 1993, na vita vilivyofuata, viliteketeza mifugo mingi. Hata hivyo mifugo ipo, na kila anapochinjwa mmoja kuna ngozi. Ujuzi wa wazee wanaojua kuikwangua, kuipaka mafuta na kuikanda uandikwe sasa, hatua kwa hatua, kwa majina yao, na vijana wa Masisi walipwe kujifunza kwao.