Ndege-mfano za povu: upakaji rangi na ubadilishaji wa sura

Ndege-mfano ya povu ni ndege ndogo isiyobeba rubani, iliyoumbwa kwa povu gumu la plastiki, inayosukumwa na mota ya umeme na kuongozwa kutoka ardhini kwa rimoti ya mawimbi ya redio, ambayo siku hizi kwa kawaida ni ya masafa ya gigahezi 2.4. Makala hii inahusu zile zenye mabawa ya kati ya sentimita 40 na mita moja, ambazo huuzwa zikiwa zimekamilika, rangi na stika zikiwa zimekwishawekwa kiwandani, na ambazo wamiliki wake wengi hupenda kuzivua sura hiyo ya dukani na kuzivika nyingine, aghalabu ya ndege halisi iliyowahi kuruka mahali fulani katika mwaka fulani. Kazi hiyo hudhaniwa kuwa ya urembo mtupu. Kwa hakika ni kazi ya kemia na ya mizani, kwa sababu ndani ya kopo la rangi huenda mna kimiminika kitakacholila povu lenyewe, na kila tone linalokauka juu ya bawa ni mzigo ambao bawa hilo litaubeba kila linaporuka.

Yapo mapovu ya aina tatu yanayotumika zaidi, na mpakaji asiyejua analo lipi mkononi hana budi kulijua kwanza. La kwanza ni polistirini iliyopanuliwa, lile povu jeupe la vipunje linalokuja na friji au televisheni mpya. Mwaka 1949 mhandisi wa kemia Fritz Stastny wa kampuni ya BASF ya Ujerumani alifanikiwa kutia hidrokaboni nyepesi kama pentani ndani ya punje za polistirini, ambazo zikipashwa moto kwa mvuke huvimba hadi kuwa mara nyingi zaidi ya ukubwa wake wa awali na, zikiwa ndani ya kalibu, hushikana na kuchukua umbo la kalibu hiyo. Kinachopatikana ni kitu ambacho zaidi ya sehemu 95 katika 100 za ujazo wake ni hewa. Povu hilo ni jepesi, limekakamaa na husuguliwa vizuri kwa msasa, lakini huvunjika kwa urahisi na halivumilii viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha plastiki. Ukidondosha tone la petroli au la asetoni juu ya kipande chake, tone hilo halikai juu: huzama mara moja, likaacha shimo lenye kingo laini na ute unaonata chini yake. Kuta za vyumba vya hewa ni nyembamba mno, hivyo zikishalainika hewa hutoka na plastiki kidogo iliyobaki hujikunja. Rangi ya kupuliza ya kopo hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa mna kiyeyushi ndani ya rangi yenyewe na mara nyingi hata gesi inayoisukuma nje ni kiyeyushi pia.

La pili ni polipropilini iliyopanuliwa, ambayo hunyumbuka, hurudi katika umbo lake baada ya kuanguka na haiogopi petroli wala supa gluu ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba uso wake hauipi rangi pa kushika, na rangi iliyokauka ikawa ngumu hupasuka povu linapopinda. La tatu linasimama katikati: ni mchanganyiko wa polistirini na poliolefini, yaani plastiki za jamii ya polithini, na ndilo linaloonekana zaidi katika ndege za dukani za leo. Kampuni ya Multiplex ya Ujerumani imelipa povu lake la namna hii jina la biashara la Elapor. Hustahimili supa gluu na rangi nyingi, lakini si zote, na unene wa rangi inayonyunyizwa kwa mara moja huamua mengi kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo. Kwa sababu hiyo mafundi wote makini hufanya jaribio dogo mahali pasipoonekana, kwa kawaida ndani ya chumba cha betri, wakasubiri siku nzima kabla ya kugusa bawa.

Rangi iliyo salama kwa mapovu yote matatu ni ile ambayo mafundi wa Afrika Mashariki huiita rangi ya maji, na miongoni mwa rangi za maji iliyo bora ni akriliki, ambayo chembe zake za plastiki huelea ndani ya maji na kuungana kuwa utando mwembamba unaonyumbuka maji yanapokauka. Rangi ya mafuta, pamoja na thina yake, iachiwe milango na mageti.

Maandalizi huchukua muda mrefu kuliko upakaji. Stika za kiwandani hupashwa joto kidogo kwa kikausha nywele, kikishikwa mbali, kisha huvutwa polepole zikiwa zimelazwa nyuma juu ya uso wa povu badala ya kunyanyuliwa juu, kwani stika inayonyanyuliwa huondoka na punje za povu. Gundi inayosalia husafishwa kwa kitambaa chenye spiriti ya dukani, ambayo haiyeyushi polistirini ingawa inaweza kutoa rangi ya kiwandani, jambo ambalo mara nyingi ndilo linalotakiwa. Mibonyeo iliyotokana na kuanguka hurudishwa kwa maji ya moto sana: kitambaa kilicholoweshwa hubandikwa juu ya mbonyeo, hewa iliyobanwa ndani ya punje hupanuka na uso hujiinua wenyewe. Joto likizidi, uso huota vipele vinavyofanana na ngozi ya mamba, na vipele hivyo havitoki ila kwa msasa. Mashimo na mistari ya punje huzibwa kwa puti nyepesi ya ukutani, ile ambayo kopo lake likiinuliwa hudhaniwa kuwa tupu, kisha husuguliwa kwa msasa laini wa namba 400 bila kukandamiza. Wapo wanaoifunika ndege nzima kwa kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo chenye uzito wa gramu 25 hivi kwa mita ya mraba, kikigandishwa kwa vanishi ya maji. Uso unaopatikana ni mzuri mno, lakini kwa ndege yenye mabawa ya chini ya sentimita 80 uzuri huo hulipiwa kwa uzito usiostahili.

Suala la uzito linahitaji kufanyiwa hesabu badala ya kukisiwa. Tuchukue ndege yenye mabawa ya sentimita 80, uso wake wote ukiwa mita za mraba 0.3 na uzito wake gramu 300. Utando mmoja wa rangi uliokauka ukiwa na unene wa mikroni 30, yaani sehemu 30 za elfu za milimita, utakuwa na ujazo wa sentimita 9 za ujazo na uzito wa gramu 12 hivi. Tando mbili ni gramu 24, ambazo ni asilimia 8 ya ndege nzima. Kasi ya chini kabisa ambayo chini yake bawa huacha kuinua huongezeka kwa kipeuo cha pili cha uzito, yaani kwa mzizi wake wa mraba, hivyo ndege hiyo italazimika kutua ikiwa na kasi zaidi kwa asilimia 4 hivi. Kwa ndege hii jambo hilo linavumilika. Kwa ndege ya gramu 70 ambayo uzuri wake wote ni kuruka taratibu kwenye uwanja mdogo, unene uleule wa rangi huiharibia tabia yake. Mzani wa kidijitali wa jikoni ni chombo cha lazima katika kazi hii kama ilivyo brashi. Upo pia uzito unaohusu sheria: Marekani na katika Umoja wa Ulaya kiwango cha gramu 250 ni mpaka wa usajili, na ndege iliyotoka dukani na gramu 240 inaweza kuuvuka mpaka huo kwa rangi peke yake.

Ndio maana wapakaji wenye uzoefu hupenda sura ambazo weupe wa povu lenyewe unakuwa sehemu ya picha, na hakuna mfano mzuri wa jambo hilo, wala ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, kuliko ndege ya Serengeti yenye milia ya punda milia. Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael, waliruka juu ya mbuga za Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakihesabu wanyama, wakitumia ndege ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia myeusi na myeupe. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka baada ya kugongana na tai, akazikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Filamu yao, *Serengeti darf nicht sterben*, yaani Serengeti isife, ilitoka mwaka huohuo na ikapata tuzo ya Oscar kwa filamu ya hali halisi. Mabawa ya Do 27 yana urefu wa mita 12 kutoka ncha hadi ncha, hivyo mfano wake wa sentimita 80 ni wa kipimo cha 1 kwa 15. Povu jeupe likiachwa wazi, kinachopakwa ni milia myeusi tu, na rangi hupungua kwa karibu nusu.

Milia hiyo huchorwa kwanza kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, maana penseli ngumu huacha mfereji usiofutika. Haichorwi kwa rula, kwani mlia wa punda milia huanza mwembamba, hunenepa, hugawanyika na kufia pembeni, na milia iliyo sambamba hufanana zaidi na fulana ya baharia. Penye ukingo unaohitaji kunyooka hutumika tepu ya karatasi, lakini kwanza hubandikwa mara kadhaa kwenye nguo ili gundi yake ipungue nguvu, kwani tepu mpya huondoka na punje. Kwa kuwa kati ya punje na punje pana vijibonde, rangi nyeusi hupenya chini ya tepu na kuotesha ndevu. Dawa yake ni kupitisha kwanza vanishi angavu ya maji kwenye ukingo wa tepu, ikauke na kuziba vijibonde hivyo, ndipo nyeusi ifuate, nyembamba, mara mbili. Tepu hung'olewa kabla rangi haijakauka kabisa.

Ubavuni huandikwa herufi za usajili za ndege hiyo, D-ENTE. Herufi D ni ya Ujerumani, E inayofuata huonyesha ndege ya injini moja yenye uzito usiozidi tani mbili, na herufi nne za mwisho zikisomwa pamoja hutoa neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Anayetaka sura nyingine ya Afrika Mashariki atazingatia kwamba leo ndege za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y na za Uganda 5X, lakini kabla ya uhuru Kenya ilitumia VP-K na Tanganyika VR-T. Ndege ya Vega Gull ambayo rubani Beryl Markham alivukia Atlantiki mwezi Septemba 1936 ilikuwa na usajili wa Kenya wa VP-KCC. Kuipa ndege ya mwaka 1936 herufi 5Y ni kosa ambalo upakaji mzuri hauwezi kulifidia.

Sura ya milia ina hatari yake angani. Ndege ya sentimita 80 ikiwa umbali wa mita 100 huonekana kama punje ya choroko iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa, na kwa umbali huo jicho halitambui tena rangi bali giza na mwanga. Milia ikiwa ileile juu na chini, mwongozaji hatajua kama ndege inamwinamia au inampa mgongo, na atageuza upande usiofaa. Hivyo upande wa chini wa mabawa upewe sura tofauti kabisa, kwa mfano kiraka kimoja kipana cheusi chini ya bawa la kulia, hata kama hatua hiyo inaacha uaminifu kwa ndege halisi. Nyeusi pia hunywa joto la jua, na ndege iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa mchana wa Dodoma au Garissa huweza kuvimba vipele palepale penye milia.

Sehemu mbili zinahitaji tahadhari. Ya kwanza, isiyopakwa hata kidogo, ni mfuo mwembamba wa povu unaotumika kama bawaba kati ya bawa na vibawa vya kugeuzia, kwa kuwa rangi ikikauka humo bawaba hukakamaa na vimota vidogo vinavyovivuta huchoka au kuungua. Ya pili ni eneo la antena ya kipokezi, ambalo halifai kupakwa rangi yenye chembe za metali wala kubandikwa karatasi ya aluminiamu, kwa sababu metali huzuia mawimbi ya redio.

Rangi ikishakauka, kitovu cha uzito hutafutwa upya, yaani ile nukta ambayo ndege ikiinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa hukaa sawasawa, na ambayo kwa ndege nyingi iko kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Mkia uko mbali na nukta hiyo kuliko pua, kwa hiyo gramu moja ya rangi mkiani huweza kudai gramu mbili au tatu za risasi puani; ndiyo sababu mkia hupakwa mwisho na kwa uchache kuliko sehemu zote. Betri isogezwe mbele kwanza kabla ya kuongeza risasi. Kisha mpakaji aandike kwa kalamu, ndani ya kifuniko cha chumba cha betri, tarehe, uzito wa kabla ya rangi na uzito wa baada yake, ili atakayeipaka tena ndege hiyo ajue imekwishabeba nini.