Ughali wa Bagamoyo na Urahisi Wake

Maneno tuyatumiayo kila siku kulipia mahitaji yetu ni mashahidi wema wa historia, ila ni mara chache huitwa barazani kutoa ushahidi. Pesa ilikuwa sarafu ya shaba iliyotoka Bara Hindi, 64 katika rupia moja. Hela ni heller ya Wajerumani, iliyoletwa mwaka 1904, 100 katika rupia moja. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kutwa. Kibarua ilikuwa barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku, akakitoa jioni apate ujira wake. Hongo, ambayo leo ni jina la aibu, ilikuwa ushuru wa njia, ukitozwa wazi na wakuu wa bara juu ya kila msafara. Maneno haya yote yalikuwa na matumizi makubwa katika mji mmoja mdogo wa Mrima, uliokabili Unguja, nao ni Bagamoyo.

Nataka kutazama gharama za maisha katika mji huo, maana juu ya jambo hili twahukumu upesi mno. Mgeni afikapo mahali akaona bei ni kubwa, husema mahali hapo ni pabaya. Akaona bei ni ndogo, husifu. Mwenyeji hana sababu ya kuhukumu hivyo. Bei ailipayo mmoja ni pato la mwingine, na mtu hawezi kujua kama ughali ni baraka au balaa mpaka aulize kwanza fedha ile yaingia mfuko wa nani.

Wakati wa misafara Bagamoyo ulikuwa mji ghali. Twazo hesabu za mgeni mmoja aliyeandika karibu kila kitu alichokilipia, naye ni Henry Morton Stanley, aliyejitayarisha hapo katika mwaka 1871 kabla ya kwenda kumtafuta Livingstone. Alipouliza kwa Waarabu wajuao njia, aliambiwa kuwa watu 100 hula kwa siku moja nguo doti 10. Doti ni shuka mbili, na shuka ni mikono minne. Basi doti 10 ni mikono 80, na kila mtu hupata chakula cha siku kwa nguo isiyotimia mkono mmoja. Stanley aliambiwa achukue merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi, barsati na sohari na nyinginezo, doti 650. Msomaji akijumlisha ataona doti 3,650, na hiyo ni 10 mara 365. Watu wa pwani, ambao wageni wengi waliwadhania kuwa hawana hesabu, walikuwa wamempigia hesabu ya mwaka mzima bila ya kupungua wala kuzidi siku moja.

Juu ya nguo zikaja shanga na masango ya waya. Stanley alieleza kuwa katika bara shanga zilisimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya mahali pa dhahabu. Lakini shida ilikuwa kwamba shanga iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, kama vile noti ya nchi moja isivyopokewa sokoni katika nchi nyingine. Mtu aliyechukua rangi isiyotakiwa alikuwa maskini mwenye mizigo.

Hata hivyo, si nguo wala shanga zilizoufanya Bagamoyo kuwa ghali. Ulikuwa ghali kwa sababu ya kungoja. Stanley alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, na msafara wake wa tano, aliouongoza mwenyewe, ukatoka Bagamoyo tarehe 21 Machi. Wiki sita hivi za muda huo zilipita katika Bagamoyo, akitafuta wapagazi, akifunga mizigo na akigombana juu ya bei. Tukichukua kipimo kile cha doti 10 kuwa mfano, tajiri mwenye watu 100 akingoja wiki sita atakuwa amekula doti 420 kabla ya kuinua mguu. Kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya kupika, ya kulala, ya kununua kuni na samaki na nazi na tumbaku. Nao wapagazi wa Kinyamwezi, walioteremka kwa maelfu na pembe zao, walikaa mjini mpaka biashara imekwisha na mizigo ya kurudi imepatikana. Katika msimu wageni waliwazidi wenyeji kwa wingi, na kila mmoja wao alihitaji kibaba chake cha nafaka kila siku. Pishi, ambayo ni vibaba vinne, iliwatosha wanne.

Stanley alilalamika sana juu ya mji huu na wafanya biashara wake, na waliomfuata wakalalamika kama yeye. Sishangai, maana anayelipa daima huona bei upande wake. Lakini tugeuze kitabu cha hesabu tusome ukurasa wa pili. Mtama ulitoka katika mashamba ya karibu na katika nchi ya Wazaramo na Wadoe. Samaki waliokaushwa walitoka kwa wavuvi. Mchele mwingine ulivuka bahari kutoka Hindi. Mwenye nyumba alipata kodi. Mwanamke aliyejua kupika aliuza chakula. Wahindi walikopesha bidhaa na kukusanya wapagazi. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufa mwaka 1897, ambaye mali aliyoipata kwa misafara ilijenga hospitali na skuli. Masimulizi ya Washomvi, wenyeji wa mji, yasema kuwa wao nao walikuwa na malipo yao kwa Wazaramo, yaliyoitwa kanda la pazi, kwa ajili ya msaada waliopewa katika vita vya zamani dhidi ya Wakamba. Basi ile doti moja ilipokwisha kumtoka mgeni ilipita mikono mingi, na kila mkono ulibakiza kipande.

Kuna mkono mmoja ambao haukubakiza kitu, na mwanahistoria akiupita atakuwa amesema uongo. Sehemu kubwa ya nafaka iliyolisha misafara ililimwa na watumwa. Bei ya mtama ilipopanda, aliyepata ni bwana wa shamba. Aliyelima alipata jua lile lile. Mtumwa wa kibarua naye alimpelekea bwana wake sehemu ya ujira. Kwa hiyo nisemapo kuwa bei ya mmoja ni pato la mwingine, sisemi kuwa pato hilo humfikia aliyetoka jasho. Katika Tanganyika utumwa haukukatazwa na sheria kabisa mpaka mwaka 1922.

Yafaa pia kukumbuka kuwa bei za Bagamoyo hazikutungwa Bagamoyo tu. Merikani ilipata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, ikiletwa Unguja na merikebu za Salem, katika Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, nguo hiyo iliadimika katika pwani yetu, na nguo za Uingereza na za Bombay zikajipenyeza mahali pake. Mnyamwezi aliyesimama dukani akishangaa kuwa nguo nzuri imekuwa adimu hakuwa na njia ya kujua kuwa sababu yake ni mapigano ya watu asiowasikia. Kwa upande mwingine, kama Abdul Sheriff alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987, bei ya pembe iliendelea kupanda katika karne ile, hali bei za bidhaa za viwandani hazikupanda nayo. Hiyo ndiyo chemchemi iliyounywesha mji. Ughali wa Bagamoyo ulilipwa na ndovu.

Kisha mambo yakageuka. Vita vya pwani vya 1888 na 1889, alivyoviongoza Abushiri bin Salim, viliharibu mji na mashamba. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao ya serikali kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na zaidi kwa nyumba za mjini. Jambo hili halikutukia katika mwaka mwema, maana njaa ya 1898 hata 1900 ilikuwa imeishika nchi. Naona kodi hii ilibadili maana ya gharama za maisha kuliko sarafu yoyote. Kabla yake, mtu mwenye shamba na mtumbwi aliweza kuishi siku nyingi bila kununua kitu. Ughali ulikuwa habari ya wageni. Baada yake, hata asiyenunua kitu alihitaji fedha, na fedha hupatikana kwa kuuza mazao au kuuza nguvu. Kwa mara ya kwanza mtu alilazimika kulipia haki ya kukaa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Pigo la mwisho lilikuwa reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo uliobebwa miezi mitatu kichwani ukaenda kwa siku chache, nao haukupita Bagamoyo. Hapo ndipo mji ulipokuwa rahisi. Vyumba vilikosa wapangaji, samaki wakakosa walaji, na mpishi akala alichokipika. Mgeni aliyefika wakati huo aliweza kuishi kwa fedha kidogo na kuusifu utulivu wa mahali. Mwenyeji hakuwa na hata hicho kidogo, naye alidaiwa kodi ile ile.

Mtu mmoja wa mji huu aliuona ughali wa namna nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Velten mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Baada ya kumwoa mwanamke wa Kijerumani alijaribu kurudi nyumbani mwaka 1905, wakuu wa koloni wakamkataza kushuka na mkewe. Akarudi Ujerumani, akaishi huko kwa kutoa mihadhara mpaka kufa kwake mwaka 1927. Maana yake ni kwamba alikuwako huko mwaka 1923, dola moja ya Marekani ilipofika marki trilioni 4.2. Mtoto wa mji uliohesabu kwa mikono ya nguo aliishi kuona fedha ya karatasi ya taifa kubwa ikiwa haina thamani ya kipande cha kaniki.

Nchi ghali za leo tuzisikiazo sana ni za kaskazini mwa Ulaya, na Norway hutajwa mbele ya nyingi. Bagamoyo haikosi uhusiano nayo: chuo cha uvuvi cha Mbegani, kusini kidogo ya mji, kilijengwa kwa msaada wa Norway kuanzia miaka ya 1970. Wanafunzi wetu waendao kusoma huko huandika habari zinazofanana. Wasema kinyozi ni ghali, nauli ya basi ni ghali, na kula mkahawani ni anasa. Hujifunza kunyoana wao kwa wao na kubeba mkate wao. Nao husahau kutaja, au hutaja mwishoni kabisa, kuwa yule kinyozi ana nyumba, huenda likizo, na mtoto wake husoma chuo kikuu bila ada. Tofauti ya mshahara wake na wa profesa si kubwa kama tuijuavyo sisi. Kodi ya mauzo huko ni asilimia 25, na ya vyakula asilimia 15, nayo huenda katika hazina ilipayo hospitali na skuli. Ughali huo una mwenyewe, na mwenyewe ni yule yule alipaye. Mwanafunzi wa kigeni huuona mzito kwa sababu yu katika hali ya Stanley: anunua kila kitu na hauzi kitu.

Sisi nasi tumewahi kuujaribu urahisi usio na kitu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 bei za sabuni, sukari na unga zilikuwa ndogo kwa amri ya serikali, na vitu havikuwamo madukani. Aliyeulizwa bei aliweza kuitaja kwa haraka. Aliyeulizwa mahali pa kununua alinyamaza, au alinong'ona.

Siku hizi ubishi wa bei umerudi Bagamoyo kwa mlango wa ardhi. Mwaka 2013 ulitiwa sahihi mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa pale Mbegani, na habari hizo zikawafikisha wanunuzi wa viwanja katika vijiji vya jirani. Mwaka 2019 mazungumzo yalisimamishwa. Yapasa mwanafunzi wa historia aende akaulize nani aliuza katika miaka ile sita, aliuza kwa kiasi gani, na sasa analima wapi. Akimaliza, ateremke sokoni asubuhi, mnada wa samaki unapopigwa pwani. Wanunuzi wenye magari ya barafu hutoka Dar es Salaam, na bei hupanda wakiwapo. Mama wa mjini aliyekuja na kikapu kutafuta kitoweo hugeuka akanung'unika, na mvuvi, aliyekesha baharini, husubiri mnadi ataje bei ya juu zaidi.