Mapepe, Umakini, Uzingativu

Singida, kama kwingine Tanzania, mwanamke anayeunguza sufuria kila mara na kuanza kazi tatu asimalize hata moja hakosi majina. Ana mapepe. Kichwa panzi. Mzembe. Akiwa muuza mafuta ya alizeti kando ya barabara, akasahau nani amelipa dumu lake na nani amekopa, watasema biashara si fungu lake. Majina hayo yote yanahukumu tabia, na mwenyewe huishia kuyaamini.

Siku daktari anapomwambia, mtu mzima mwenye watoto wake, kwamba ana ADHD, anapokea herufi nne za Kiingereza (attention deficit hyperactivity disorder) asizoweza kumweleza mama mkwe. Mara nyingi hufika hapo kwa kupitia mwanawe: mtoto anachunguzwa, mama anasikiliza maswali, anajisikia yeye ndiye anayesimuliwa.

Kiingereza nacho kilichelewa kumwona. Mwaka 1968 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitaja hali hii kama ya watoto wasiotulia. Mwaka 1980 suala la kuzingatia likatangulizwa, na mwaka 2013 watu wazima wakawekewa kiwango chao: dalili tano badala ya sita, mradi baadhi zilikuwepo kabla ya miaka 12. Muda wote huo aliyeonekana upesi ni mvulana anayepanda madawati. Msichana aliyekaa kimya, macho ubaoni na mawazo mbali, alipita darasa hadi darasa bila kuulizwa kitu.

Ndiyo maana sikubali tafsiri zinazotumia “utukutu”. Mtukutu ni mtoto wa kukanywa. Mama wa miaka arobaini humwiti mtukutu, kwa hiyo jina linamwacha nje tangu mwanzo. “Upungufu wa umakini” ni afadhali, ila nao una mtego. Kwetu mtu makini ni mtu mwenye busara, wa kuaminiwa na fedha za kikundi. Ukimwambia mwanamke amepungukiwa umakini, umemrudisha kulekule kwenye uzembe. Tena si kweli kwamba amepungukiwa: huyohuyo anaweza kushona tangu asubuhi hadi jioni akasahau kula. Kinachomshinda ni kuielekeza akili pale anapotaka, kwa wakati anaoutaka. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa, “kuzingatia”, nacho hakimtukani mtu. Napendekeza “tatizo la kuratibu uzingativu”.

Lipo pia neno “kupimwa”. Tumezoea kwamba kupimwa ni kutolewa damu, na karatasi kurudi na majibu. Hali hii haina kipimo cha damu wala picha ya kuithibitisha. Daktari huuliza kuhusu utoto, shule, kazi na nyumba, na anayemfahamu mgonjwa tangu udogo husaidia sana. Tukisema “kuchunguzwa”, hatarudi nyumbani akidhani amedanganywa kwa kuwa hakuchomwa sindano.

Na hata jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo Dodoma, mkoa wa jirani, tumeligeuza tusi. Anayetishwa kwa jina la hospitali hataikaribia.

Wito wangu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), na kwa wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wanaoyasema mambo haya kila siku kuanzia Manyoni hadi Iramba: utukutu uondoeni kwenye istilahi hii, na kabla hamjaichapa, wasomeeni kwanza wanawake wenye hali hiyo.